Matunda na mifupa baada ya hedhi kukoma: mwongozo kwa mwanamke wa Mwanza

Mama yangu aliteleza kwenye jiwe la mlangoni alfajiri moja, mkononi ana nusu ndoo ya maji. Wanaoishi kwenye vilima vya mawe hapa Mwanza wanajua: umande kidogo tu na jiwe linateleza kama sabuni. Hakuanguka kutoka juu. Alikuwa amesimama, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Alikuwa na miaka 61. Hospitalini walimfunga plasta gumu, wakampa dawa za maumivu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba mfupa ukivunjika kwa kuanguka kidogo namna ile, mifupa mingine nayo inafaa kuchunguzwa. Miaka michache baadaye mgongo wake ukaanza kupinda, na majirani wakasema ni uzee.

Hedhi yangu mimi ilikoma nikiwa na miaka 49. Nikaanza kuuliza nifanye nini nisifuate njia ile, na karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwa kunitajia tunda. Kula ubuyu. Kunywa maji ya bamia. Kula papai kila siku. Ndani ya majibu hayo kuna ukweli na kuna upotofu, na vimechanganyika kiasi kwamba mtu anaweza kula matunda kwa miaka kumi akijiona salama huku mifupa inaisha. Ndiyo maana nimeandika hatua hizi, kwa mpangilio ambao ningetamani mama apewe siku ile ya plasta.

Nini hutokea ndani ya mfupa

Fikiria nyumba ya fito na udongo kule kijijini. Fito ndizo zinazoifanya istahimili kutikiswa, na udongo ndio unaoipa ugumu. Mfupa umejengwa hivyohivyo. Fito zake ni protini inayoitwa kolajeni, na udongo wake ni madini, hasa kalsiamu na fosforasi. Na kama nyumba ile inavyokandikwa upya kila baada ya mvua, mfupa nao hubomolewa na kujengwa kidogo kidogo maisha yote.

Homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasiwashinde wajenzi. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na breki hiyo hulegea. Mtu huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na kwa wengi hutokea karibu na umri wa miaka 50. Miaka 5 hadi 7 ya mwanzo ndiyo yenye hasara kubwa. Wapo wanawake wanaopoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yao katika kipindi hicho. Wala hawasikii maumivu yoyote.

Hapo naomba tuelewane, dada zangu. Magoti kuuma na kulia kwa viungo ni habari nyingine. Mfupa unaopungua hauumi mpaka siku unapovunjika. Na maji ya bamia yanayosifiwa kuongeza ute wa magoti, ute ule ukifika tumboni husagwa kama chakula kingine chochote, hausafiri kwenda gotini. Bamia ni mboga nzuri, ipike uile na ugali.

Matunda yana nafasi gani hasa

Huko Uswidi watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 75,000, na mwaka 2015 wakatoa majibu. Wale ambao hawakula matunda wala mboga kabisa walivunjika nyonga kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 88 kile cha watu waliokula mafungu matano kwa siku. Kupita mafungu matano hakukuwa na nyongeza ya faida. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba tunda ndilo lililozuia mfupa kuvunjika, maana anayekula matunda mara nyingi hutofautiana na asiyekula kwa mambo mengi mengine. Ila tofauti hiyo si ya kupuuza.

Kuna jaribio jingine la kuwekwa kando ya hilo. Aberdeen, Scotland, wanawake 276 waliokwisha koma hedhi waligawanywa kwa makundi, na kundi moja likaongezewa gramu 300 za matunda na mboga kila siku kwa miaka miwili. Majibu yalitoka mwaka 2008: mifupa yao haikuwa bora kuliko ya wenzao.

Ukisoma hayo mawili pamoja unaona picha. Mwanamke anayekula ugali na mchuzi asubuhi mpaka usiku, tunda mpaka Jumapili, ana mengi ya kupata akianza kula matunda. Aliyekwisha kula vizuri hatajenga mfupa kwa kujiongezea sinia la pili. Na kwa wote wawili, tunda linasaidia upande wa fito. Vitamini C ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza kolajeni imara. Potasiamu iliyomo kwenye matunda husaidia kupunguza kalsiamu inayopotelea kwenye mkojo. Lakini udongo wenyewe, yaani kalsiamu, tunda linao kidogo mno. Chungwa moja la wastani lina miligramu 50 hivi, nawe unahitaji kama 1,200 kwa siku. Ungetaka kuipata kwa machungwa peke yake ungekula zaidi ya ishirini.

Kwa hiyo tunaanza na udongo, matunda yafuate.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Simama ukutani bila viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, mtu akuwekee alama kwa kitabu kilicholazwa juu ya kichwa. Pima kwa futikamba, andika na tarehe. Linganisha na kimo chako cha ujanani kama kiko kwenye kadi yoyote ya zamani. Ukiwa umepungua sentimita 4 au zaidi, huenda pingili za mgongo zimeshapondeka bila wewe kujua. Rudia kipimo hiki kila mwaka.

Kisha jiulize haya. Hedhi yako ilikoma kabla ya miaka 45, au ulitolewa mifuko ya mayai kwa upasuaji? Mama au baba aliwahi kuvunjika nyonga? Umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo ukiwa mtu mzima? Umetumia vidonge vya prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi? Unatumia dawa za kufubaza VVU zenye tenofovir? Una mwili mwembamba sana, unavuta sigara, unakunywa pombe nyingi? Kila "ndiyo" ni sababu ya kumwona daktari mapema zaidi, na nitalirudia hilo mwishoni. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya maandishi haya. Dawa ya VVU hasa, ukiikatisha, hatari yake ni kubwa kuliko ya mfupa.

Hatua ya 2: Tafuta kalsiamu, nayo iko ziwani

Sisi wa kanda hii tumebahatika, ila tunachukulia kawaida. Dagaa wa Ziwa Victoria huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa ile ndiyo yenye kalsiamu. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu kinaweza kukaribia glasi ya maziwa kwa kalsiamu, au kuizidi. Mnofu wa sato au sangara hauna kitu hicho, kwa sababu miiba tunaitupa. Huwa nasikitika nikimwona mama amepata hela kidogo, kitu cha kwanza anaacha dagaa anahamia kwenye minofu, kwa kuwa dagaa ni chakula cha wasio na uwezo. Kwa mifupa yako, dada yangu, umerudi nyuma.

Ukienda Mwaloni Kirumba au soko lolote, uliza dagaa walioanikwa kwenye chanja au juu ya nyavu. Walioanikwa chini wana mchanga. Chukua mkononi unuse: harufu iwe ya samaki mkavu, isiwe ya mafuta yaliyochacha. Nyumbani chambua, loweka kwenye maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, osha mara tatu au nne mpaka maji yatulie bila mchanga chini. Ukiona vichwa vinaleta uchungu, vitoe, mfupa wa mgongo bado unabaki. Mafungu madogo mawili au matatu kwa wiki tayari ni mwanzo mzuri.

Kwa bibi ambaye meno yamekwisha, wakaange wakavu bila mafuta mpaka wavunjike, watwange, chekecha, weka unga kwenye chupa kavu. Kijiko kikubwa kimoja kwenye mchuzi wa mboga au maharage dakika za mwisho hakisumbui kutafuna. Tengeneza wa wiki mbili tu, maana ukikaa sana huchacha. Mwenye jongo apunguze dagaa, kwa sababu huongeza asidi ya yuriki mwilini.

Chanzo cha pili ni maziwa, na hasa maziwa mgando, ambayo nyumba nyingi za Usukumani hazijawahi kukosa. Glasi moja ya mililita 250 ina karibu miligramu 300 za kalsiamu. Kuchemsha hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, na ambaye maziwa fresh humjaza gesi mara nyingi mgando humkubali. Ulezi nao usisahaulike. Una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu zote, na unga wake ukiulowesha usiku mpaka uchachuke kidogo, mwili huifyonza vizuri zaidi.

Kuhusu mboga za majani kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi. Mchicha na spinachi zina kalsiamu, lakini zina pia oksaleti inayoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe. Sukuma wiki, chainizi na figiri huitoa vizuri zaidi. Usiache mchicha, una vitamini K na mengine mengi. Ila usiuhesabu kama chanzo chako cha kalsiamu.

Supu ya mifupa na kongoro? Inatia joto na ina ladha, lakini kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye maji ni kidogo sana. Kunywa kwa raha yako tu.

Hatua ya 3: Chagua matunda kwa kazi yake

Sasa tuko sokoni. Iwe Soko Kuu mjini, Buhongwa au Igoma, mimi huanza kwa salamu: "Mwangaluka mayu, mapera ya leo haya?" Akijibu kwamba ni ya leo asubuhi, nanunua fungu moja hapo hapo, kwa sababu pera ndilo tunda la kwanza kwenye orodha yangu. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200. Mwanamke anahitaji kama 75 kwa siku. Pera moja zuri linakumalizia siku nzima, na ni tunda ambalo tumewaachia watoto wapande miti wajilie. Lile bichi-bivu, lenye ukakasi kidogo, mimi ndilo nalolipenda. Mwenye meno mabovu achague lililoiva akamue mbegu pembeni.

Papai linafuata. Gramu 100 zina miligramu 60 hivi za vitamini C, lina potasiamu, halina gharama, lipo karibu mwaka mzima, na tumbo la mtu mzima hulipokea vizuri. Chungwa na chenza ziko hapohapo. Machungwa ya Ukerewe yanayoshushwa kutoka Nansio mara nyingi yana ganda la kijani na watu huyaruka wakidhani ni mabichi. Nchi zenye joto chungwa huiva likiwa la kijani, kwa sababu ganda linahitaji baridi ili libadilike rangi. Libonyeze, likiwa zito na linarudi kidogo, limeiva. Nanasi nalo lina vitamini C ya kutosha, na embe likiwa kwenye msimu wake mwishoni mwa mwaka, kula embe.

Kwa potasiamu, ndizi mbivu na parachichi. Parachichi kwa uzito uleule lina potasiamu kuliko ndizi, na ndani yake kuna vitamini K kiasi, ambayo mwili huitumia kwenye protini za mfupa. Ndizi za kupika kutoka Bukoba zihesabu pia, ukizichemsha kwa mchuzi mzito na kuunywa mchuzi huo, kwa sababu potasiamu huhamia kwenye maji.

Ubuyu naomba nikae nao kidogo, kwa sababu ndio unaotupotosha zaidi. Husemwa kwamba una kalsiamu kuliko maziwa. Gramu 100 za unga wa ubuyu zina karibu miligramu 300, na gramu 100 za maziwa zina 120 hivi. Kwa hiyo maneno hayo si uongo. Lakini nani anakula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa siku? Unaweka kijiko kimoja kwenye glasi, gramu 10 hivi, unapata miligramu 30. Glasi ileile ya maziwa ingekupa 300. Kunywa ubuyu kwa vitamini C na ladha yake, nami naupenda, lakini usimwage maziwa kwa ajili yake. Nazungumzia unga mweupe wa asili. Ule mwekundu wa pakiti uliopakwa sukari na rangi uhesabu kama pipi.

Halafu kuna plamu kavu (prunes). Hili ndilo tunda pekee ambalo naweza kulitaja kwamba limejaribiwa moja kwa moja kwa wanawake waliokoma hedhi na kuonesha kitu kwenye kipimo cha mfupa. Chuo Kikuu cha Florida State, Marekani, mwaka 2011 walitoa majibu ya wanawake waliokula gramu 100 kwa siku kwa mwaka mmoja, wakalinganishwa na waliokula tufaha kavu. Wa plamu walikuwa na mifupa bora ya mkono na mgongo. Jaribio kubwa zaidi la Penn State, lililotoka mwaka 2022, liliandikisha wanawake 235. Waliokula gramu 50 kwa siku, ambazo ni punje tano au sita, walibaki na mfupa wa nyonga uleule kwa mwaka mzima, wakati wasiokula walipungua. Kundi la gramu 100 wengi waliacha njiani, na namwelewa yeyote aliyeacha, maana plamu kavu hulegeza tumbo kwelikweli.

Zingatia neno lenyewe: mfupa haukuongezeka, ulizuiwa kupungua. Na plamu hizo si zambarau zetu, ingawa kamusi nyingine hutafsiri hivyo. Zambarau ni mti mwingine kabisa. Plamu kavu utazikuta kwenye supamaketi chache za mjini, zimetoka ng'ambo, bei yake imesimama. Gramu 50 kwa siku ni kilo moja na nusu kwa mwezi. Kama mwanao yuko nje na anauliza akuletee nini, mwambie hizo. Kama fedha ni yako na ni ya kubana, mimi ningeitumia kwa maziwa, dagaa na mapera, kisha nikalala bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Kiasi, na namna ya kula

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Mizani haihitajiki. Fungu moja ni chungwa moja, ndizi mbivu moja, pera moja kubwa au mawili madogo, nusu embe, au kipande cha papai kinachojaa kiganja chako. Mimi hula matunda mafungu mawili na mboga matatu, na sioni sababu ya kuzidi hapo.

Kula tunda zima. Juisi ya machungwa glasi moja ni machungwa matatu au manne yaliyoachwa nyuzinyuzi zake, na sukari yake huingia kwenye damu haraka. Umri wetu huu ndio kisukari kinaponyemelea. Kata tunda wakati wa kulila. Papai lililokatwa asubuhi na kukaa juani kwenye kigari mpaka jioni limepoteza vitamini C na limeokota inzi. Osha kwa maji safi kabla ya kukata, maana kisu kinabeba uchafu wa ganda kuupeleka ndani, na kipindupindu kwenye mwambao huu tunakijua.

Hatua ya 5: Siku moja ya mfano

Asubuhi, kikombe kikubwa cha uji wa ulezi uliopikwa kwa glasi ya maziwa, na pera. Saa saba mchana, ugali, kiganja cha dagaa waliopikwa kwa nyanya na kitunguu, sukuma wiki au chainizi iliyopikwa muda mfupi. Alasiri, kipande cha papai. Usiku, viazi au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa maharage, mboga kidogo, kisha glasi ya maziwa mgando.

Ukihesabu, maziwa mawili ni 600, dagaa 300 au zaidi, ulezi 100 hivi, na mboga zinasogeza kuelekea 1,200. Hakuna hata kimoja kilichotoka mbali. Siku ambayo dagaa hawapo, ongeza glasi moja ya mgando. Siku ambayo hakuna maziwa, dagaa wawe kwenye milo miwili. Ikiwa kote huwezi, ndipo vidonge vya kalsiamu vina maana, na hapo shauriana na mtoa huduma. Usimeze zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mara moja, kwa sababu mwili haufyonzi zaidi ya hapo vizuri, na kwa siku jumla ya chakula na vidonge isipite 2,000.

Hatua ya 6: Ziba panapovuja

Chumvi huondoka mwilini kupitia mkojo na huondoka na kalsiamu. Kiasi cha siku nzima kisizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5, pamoja na ile iliyofichwa kwenye vidonge vya kukolezea mchuzi na kwenye samaki wa chumvi. Sigara acha. Pombe punguza sana. Chai na kahawa vikombe viwili vitatu havina shida kubwa ikiwa kalsiamu unaipata.

Hatua ya 7: Jua na mlima

Bila vitamini D kalsiamu ya dagaa inapita tu. Mwili huitengeneza ngozi inapopigwa na jua, nasi tuko karibu na ikweta. Lakini lile jua la saa moja asubuhi tunalowaotesha watoto ni hafifu mno kwa kazi hii. Toka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, mikono na miguu iwe wazi, dakika 20 au 30, siku kadhaa kwa wiki. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi. Anayekaa dukani mchana kutwa au anayejifunika mwili wote aulize kuhusu vidonge. Mahitaji ya vitamini D ni vipimo (IU) 600 kwa siku, na 800 baada ya miaka 70.

Mfupa hujengeka unapobebeshwa uzito. Njia zetu za kupanda kwenda nyumbani, zile tunazozilalamikia, ni mazoezi ambayo wengine wanayalipia. Panda kwa miguu kama magoti yanaruhusu. Ukisubiri maji yajae ndoo, simama kwenye ncha za vidole kisha shuka, mara kumi. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika, mara kumi. Lakini ikiwa mgongo umeanza kupinda, usiiname kuinua ndoo ya lita 20. Hizo ni kilo 20 kwenye pingili dhaifu. Beba lita 10 mara mbili, na uinue kwa kupiga magoti.

Na lile jiwe la mlangoni, lisugue liwe na kwaruzo au limwagie zege lenye mikwaruzo. Weka taa. Vaa viatu vyenye kushika, si ndala zilizolika soli.

Hatua ya 8: Nani awe mwangalifu, na wakati wa kwenda hospitali

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze ndizi, parachichi wala machungwa kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu potasiamu ikirundikana huweza kuudhuru moyo. Anayetumia dawa za presha kama losartan, enalapril au spironolactone naye aulize. Mwenye kisukari ale matunda, ila fungu moja kwa wakati mmoja na si juisi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadili ghafla kiasi cha mboga za majani, ale kiasi kilekile kila wiki.

Nenda hospitali bila kusubiri ukipata maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua kitu au hata kukohoa, ukivunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, au ukiona kimo kimepungua. Kipimo chenyewe cha uzito wa mifupa huitwa DEXA, na hakipo kila hospitali, kwa hiyo uliza kinapatikana wapi. X-ray ya kawaida huonesha upungufu pale tu mfupa ulipokwisha pungua sana, usiridhike ukiambiwa picha iko sawa. Zipo dawa zinazozuia mfupa kupungua na hupunguza kuvunjika, na kwa anayezihitaji hakuna tunda linaloshika nafasi yake.

Ukiingia kwa daktari usiseme tu "mgongo unaniuma", maana utapewa dawa ya maumivu kama mama yangu. Nenda na karatasi yako ya kimo. Mwambie: "Daktari, hedhi yangu ilikoma mwaka fulani. Kimo changu kilikuwa hiki, sasa ni hiki. Mama yangu alivunjika mkono kwa kuteleza. Dawa ninazotumia ni hizi. Naomba mifupa yangu ichunguzwe."